Hita ya Akiba Isigeuke Mtambo Mkuu

Hotuba hii niliitoa Nakuru, mbele ya mafundi wa umeme na wa mabomba, wasimamizi wa majengo na wahasibu wa hoteli, shule na hospitali, kuanzia hapa mjini hadi Kisumu. Wengi walikosa nafasi ya kufika wakaomba niiandike. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha. Maneno ni yale yale.

Mafundi wenzangu, mameneja, walimu wetu wa vyuo vya ufundi, na ninyi wahasibu mlioletwa hapa na bili ya stima: hamjambo?

Nianze na swali. Asubuhi maji ya moto yakitoka bombani, wageni wakaoga, wakalipa na kwenda zao, tunajuaje kwamba maji hayo yamepashwa na mtambo tulioununua kwa kazi hiyo? Tunajuaje? Nyuzi 55 ni nyuzi 55, ziwe zimeletwa na pampu ya joto au na elementi, yaani hita ya stima ya akiba, iliyozama ndani ya tangi. Mgeni hawezi kutofautisha. Meneja hawezi kutofautisha. Mita ya stima ndiyo inayojua, nayo husubiri mwisho wa mwezi ndipo iseme.

Tupige hesabu pamoja. Chukua lita 1,000 za maji. Yanaingia yakiwa na nyuzi 18, unataka yafike 55. Joto linalotakiwa ni uniti 43 hivi. Elementi itakula uniti 43 za stima, kwa sababu haina njia nyingine: uniti moja ikiingia, uniti moja ya joto hutoka. Pampu ya joto yenyewe huhamisha joto ambalo tayari lipo. Gesi iliyo ndani ya mabomba yake huchukua joto la hewa ya nje, kompresa huikandamiza gesi ile mpaka iwe moto sana, kisha joto hilo hukabidhiwa maji. Hali ikiwa nzuri, kila uniti moja ya stima unayolipia inaleta uniti tatu za joto. Kazi ile ile ya uniti 43 inafanyika kwa uniti 14 na kitu.

Arobaini na tatu, au kumi na nne. Kila siku ya Mungu. Anayeamua ni ipi kati ya hizo mbili utakayolipa ni kontrola: kile kisanduku kidogo ukutani ambacho fundi hukiwasha siku ya kwanza, akakifunga, na asikifungue tena.

Na wazo la pampu ya joto si geni. Mwanasayansi Lord Kelvin aliliandika mwaka 1852, na miaka michache baadaye mhandisi Peter von Rittinger akajenga mtambo wa aina hii katika kiwanda cha chumvi huko Austria. Mwaka 1938 jengo la halmashauri ya mji wa Zürich likaanza kupashwa joto kwa pampu inayovuta joto la maji ya mto. Sisi tumechelewa kuipokea, lakini tumeipokea tukiwa na stima ambayo sehemu kubwa yake inatoka Olkaria, ndani ya kaunti hii hii, kwa mvuke wa ardhini. Mvuke ule umechimbwa kwa gharama kubwa, ukazungusha mashine, ukawa stima, ikasafiri kwa waya hadi mjini. Halafu mtu anaichukua stima hiyo na kuiunguza ndani ya elementi huku pampu nzima imekaa kando haifanyi kazi! Wenzangu, mimi jambo hilo linaniuma.

Sasa tuingie kwenye kazi. Hita ya akiba, hapa kwetu, ni ya kazi gani?

Kontrola nyingi tunazozipokea zimepangwa kiwandani kwa nchi zenye majira ya baridi kali. Huko Ulaya pampu ya joto hupasha nyumba nzima, si maji ya kuoga tu. Hewa ya nje ikishuka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: nyumba inadai joto zaidi, na pampu inatoa joto pungufu. Kuna kiwango cha baridi ambapo uwezo wa pampu na mahitaji ya nyumba hukutana. Chini ya hapo pampu peke yake haitoshi, na kontrola huruhusu msaada. Wapo wanaoacha pampu iendelee na hita iongezee pale palipopungua. Wapo wanaoizima pampu kabisa na kuwasha boila ya gesi au ya mafuta. Tena koili ya nje, yale mabomba yanayochukua joto la hewa, hushika barafu, ikabidi pampu igeuze mzunguko wake, ichukue joto la maji na kuyeyusha barafu hiyo, na dakika hizo hita ndiyo hushika zamu. Hayo yote yana maana. Huko.

Lakini niambieni, Nakuru mmeona lini nyuzi saba chini ya sufuri? Nani amewahi? Pampu hizi hupimwa uwezo maabarani hewa ikiwa na nyuzi 7 juu ya sufuri, na hizo nyuzi 7, kwa hapa mjini, ni usiku wa baridi kupita kawaida. Hata ukipanda Molo, hata Mau Narok, hata Timboroa ambako alfajiri vidole hufa ganzi, bado huwezi kupalinganisha na Stockholm mwezi wa Januari. Kwa hiyo hita yetu ya akiba haipigani na majira ya baridi. Inapigana na saa kumi na moja alfajiri.

Nitawaeleza maana yake. Kuna shule moja ya bweni, sehemu za juu upande wa Molo. Wanafunzi wanaoga saa kumi na moja, wote kwa mkupuo. Saa kumi na mbili kasorobo matangi yamekwisha. Maji baridi yanaingia kwa chini, sensa, yaani kipima joto cha tangi, inaona nyuzi zimeanguka kutoka 55 hadi 38, kontrola inashtuka na kuita kila kitu: pampu zote, elementi zote, wakati mmoja. Kufikia saa moja maji ni moto tena. Sasa nawauliza, saa moja asubuhi ni nani anaoga? Hakuna! Watoto wako darasani. Maji yale yangehitajika kesho yake alfajiri. Shule ilikuwa inalipia haraka ambayo hapakuwa na mtu wa kuihitaji, na ikailipia kila siku ya masomo, muhula hadi muhula, na maji yakawa moto kila asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Dawa yake haikuhitaji kununua chuma chochote. Tulikaa na kontrola na ratiba ya shule. Watoto wakimaliza kuoga, mtambo unatulia. Unaanza saa sita mchana, hewa ya Molo ikiwa imepata jua, kwa sababu pampu hulipa zaidi hewa ikiwa na joto. Kufikia saa kumi jioni tangi limejaa joto, blanketi lake linalihifadhi, na alfajiri saa tisa pampu zinaongezea kidogo kilichopotea usiku. Ratiba tu. Elementi hazikuguswa wiki nzima ya kwanza, na mwalimu mkuu alidhani zimeharibika.

Hapo kuna mambo matatu ya mpangilio ambayo naomba mafundi mniandikie chini.

La kwanza ni nyuzi za kuanzia. Nakutana na matangi ambayo pampu imepangwa 55 na elementi 60. Fikiria kidogo. Pampu ikifika 55 inasimama, elementi inaendelea. Maji yakianza kupoa, elementi ndiyo inayoamka kwanza, inarudisha 60, na sensa ya pampu haioni sababu ya kuanza. Umenunua pampu ukaiambia ilale! Elementi ipangwe chini ya pampu. Pampu ilenge 55, elementi isiruhusiwe mpaka maji ya juu ya tangi yashuke chini ya 45. Na nikisema maji ya juu nina maana: sensa ya elementi ikae theluthi ya juu, kwenye maji yanayokwenda bombani. Sensa iliyo chini hukutana na maji baridi kila mtu afunguapo bomba, nayo hulia hata pale ambapo nusu ya tangi bado ni moto.

La pili ni subira. Kontrola nzuri haitazami nyuzi peke yake, hutazama pia upungufu umedumu kwa muda gani. Ukipungukiwa nyuzi 5 kwa dakika 20, una deni la 100. Ukipungukiwa nyuzi 2 kwa dakika 10, deni ni 20 tu, na pampu italilipa yenyewe. Elementi iitwe deni likivuka kiwango ulichoweka, si kwa sababu sensa imetikisika.

La tatu ni fupi: elementi isiwake kama kuna pampu nzima ambayo haijafika mwisho wa uwezo wake. Isiwake.

Tuje kwenye mitambo mingi. Jengo likikua huongezi tangi tu, unaongeza na pampu, mbili, tatu, nne. Nani aanze?

Nendeni steji ya matatu hapa mjini. Gari la kwanza kwenye foleni linajaza, linaondoka, la pili linasogea. Magari manne hayapakii kwa pamoja kila moja likiwa na abiria wawili. Pampu za kasi moja, zile zinazojua kuwaka na kuzima tu, ziendeshwe hivyo hivyo. Moja inaongoza. Kontrola inaipa dakika kumi au kumi na tano, inatazama kama nyuzi zinapanda. Zikipanda, haiiti nyingine hata kama lengo bado liko mbali. Zisipopanda, inaita ya pili. Kushuka ni vivyo hivyo, moja moja. Na kila kompresa iliyowaka iachwe ifanye kazi muda wa maana kabla ya kuzimwa, na iliyozimwa ipumzike dakika kadhaa gesi isawazishe presha. Kinachoua kompresa ni kuwashwa na kuzimwa, kuwashwa na kuzimwa, mara kumi kwa saa.

Lakini pampu za kisasa zenye inveta, ambazo kompresa yake hupunguza na kuongeza kasi, zina tabia tofauti, na hapo mfano wa steji unaishia. Mbili zikienda nusu kasi hula stima kidogo kuliko moja iliyokazwa mpaka mwisho, kwa sababu koili zote mbili zinatumika na kila moja ina kazi nyepesi. Kwa hizo, gawanya mzigo mapema. Fundi anayepanga mitambo ya inveta kama ya kasi moja anamnyima mwenye jengo faida aliyoilipia.

Kuhusu zamu, kontrola nyingi huhesabu saa za kazi za kila pampu na kumpa uongozi yule aliyefanya kidogo. Vizuri. Mimi binafsi sipendi zilingane kabisa. Pampu nne zilizonunuliwa siku moja na kufanya kazi saa sawasawa zitachoka pamoja, na siku hiyo utatamani ungekuwa na moja iliyobaki na nguvu. Wapo wahandisi ninaowaheshimu ambao hawakubaliani nami katika hili, na tutajadiliana wakati wa chai.

Sasa niwapeleke Kisumu. Kule joto si shida. Hewa ni ya moto, maji yanayoingia tangini yenyewe ni vuguvugu, pampu inafanya kazi kwa raha. Shida ni stima kupotea. Hospitali moja ilikuwa na pampu nne na elementi zake. Stima ikakatika usiku, jenereta ikawaka, na pampu zote nne zikaamka kwa sekunde ile ile pamoja na elementi. Jenereta ikazima. Ikawashwa tena, ikazima tena. Wodi ya akina mama wanaojifungua ikakaa gizani, wakunga wakishika tochi za simu, kwa sababu ya maji ya kuoga! Wenzangu, hilo si jambo dogo. Hakuna maji ya moto yenye thamani ya taa ya chumba cha kujifungulia.

Kosa liko wapi? Kila pampu ilikuwa na kontrola yake, kila moja haimjui mwenzake. Zote ziliona stima imerudi, zote zikaona maji yamepoa, zote zikatii. Zilihitaji kontrola moja kuu inayoziamrisha: stima ikirudi, subiri, washa ya kwanza, subiri dakika, washa ya pili. Na zilihitaji waya mmoja zaidi kutoka kwenye swichi ya jenereta, wa kuiambia kontrola kuu kwamba sasa tuko kwenye jenereta. Ikisikia hivyo, pampu moja tu inaruhusiwa na elementi zote zinafungwa. Waya mmoja! Na wenye majengo makubwa mnaolipia kilele cha matumizi kwa kVA, kipimo cha mzigo wa stima, utaratibu huo huo unawahusu hata stima isipokatika. Asubuhi moja ya mitambo yote kuwaka pamoja inaweza kupandisha kilele cha mwezi mzima.

Halafu ulizeni swali hili kabla hamjalipa fundi: kontrola kuu ikifa, pampu zitafanya nini? Jibu zuri ni kwamba kila pampu itarudi kutumia sensa yake yenyewe kwa nyuzi za wastani mpaka msaada ufike. Jibu baya ni kwamba zote zitasimama zikisubiri amri.

Nageukia lililonileta hapa. Lakini kwanza sitaki mtu aondoke akisema nimeshutumu hita. Hita ina kazi yake ya heshima. Julai 1976, wanajeshi wastaafu wa chama cha American Legion cha Marekani walikutana hotelini mjini Philadelphia. Wengi waliugua homa ya mapafu isiyojulikana, na karibu watu 30 wakafa. Mwanzoni mwa 1977 ikagunduliwa bakteria, ikaitwa Legionella kutokana na wastaafu wale. Huishi majini, na hustawi maji yakiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45. Mtu huivuta kwa pumzi pamoja na mvuke mwembamba wa maji, kwa mfano akiwa chini ya shawa. Kwenye nyuzi 60 hufa. Pampu nyingi tulizonazo huishia nyuzi 55 hadi 60, kwa hiyo kontrola ipangwe ipandishe tangi lote mpaka 60 na zaidi mara moja kwa wiki, pampu ibebe mpaka inapofika, elementi imalizie nyuzi chache za mwisho. Hospitali, nyumba za wazee, hoteli yenye vyumba vinavyokaa wiki bila mgeni: msiruke hata wiki moja. Usiku huo hita inastahili kila uniti inayokula.

Basi, hoteli moja hapa Nakuru. Pampu tatu juu ya paa, matangi mawili, elementi kama akiba. Mwenye hoteli aliniita akiwa na malalamiko kwamba pampu za joto ni ulaghai, kwamba bili imerudi kule ilikokuwa kabla hajanunua. Nikamuuliza maji yana shida? Hapana, maji moto siku zote. Nikapanda juu. Pampu ya kwanza inanguruma. Ya pili kimya: kontakta, swichi yake ya kuwashia, imeungua, ncha zake nyeusi kama makaa. Ya tatu feni inazunguka vizuri, ukipita unasema inafanya kazi, lakini nilipoweka mkono kwenye bomba la kuingia tangini na lile la kutoka, yote mawili yalikuwa na joto lile lile. Gesi ilikuwa imevuja. Pampu mbili kati ya tatu zilikuwa zimekufa, na kwa jinsi kontakta ilivyoshika kutu, hazikufa jana.

Na mgeni hakujua. Meneja hakujua. Mlinzi wa usiku hakujua. Kwa nini? Kwa sababu hita ya akiba ilifanya kazi yake vizuri mno. Iliziba pengo bila kusema neno. Kontrola ilikuwa imeandika hitilafu ya pampu ya pili kwenye kioo chake, ndani ya chumba chenye kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwisha acha kazi.

Ndugu zangu, akiba inayoingia kimya kimya inaficha ugonjwa. Pampu ikifa na maji yakapoa, utajua leo. Pampu ikifa na hita ikaifunika, utajua kwa bili, na bili inaweza kusingiziwa mambo mengi: bei imepanda, wageni wameongezeka, mashuka yamefuliwa zaidi. Hoteli ile ilikuwa imekaribia kuuza pampu zake kama vyuma chakavu.

Kontrola nyingi za aina hii, hata za bei nafuu, zina vituo viwili vya waya vya kutoa ishara ya hitilafu. Nimefungua nyingi nikakuta vituo hivyo havijawahi kuguswa. Viunganishwe na taa nyekundu mapokezi, au kengele, au kifaa cha kutuma ujumbe kwenye simu. Na ishara itolewe kwa sababu mbili: pampu yoyote ikisimama kwa hitilafu, na elementi ikiwaka zaidi ya muda uliokubalika kwa siku. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo ingemwokoa mwenye hoteli, kwa sababu pampu ya tatu haikuwa na hitilafu yoyote kwa macho ya kontrola.

Wahasibu, hapa nawahitaji. Fungeni kwenye kontakta ya elementi kifaa cha kuhesabu saa, kile kidogo cha tarakimu. Kisomwe kila Jumatatu pamoja na saa za kila pampu, ziandikwe kwenye daftari moja, na daftari lipite mezani kwenu kabla ya bili kulipwa. Saa za elementi zikizidi zile za usiku wa kuua bakteria, msimlipe fundi wa matengenezo mpaka aeleze.

Tangi la mfano liko pale kando ya mlango, na pampu mbili na elementi. Tukimaliza chai tutaikata pampu moja makusudi bila kuiambia kontrola, na kila mmoja atazame saa yake aone itachukua dakika ngapi kabla haijalalamika. Maswali yaanzie huko nyuma, tafadhali.